Tela la kambi limegonga ukipiga rivasi: kagua kuanzia mbele, si pale palipobonyea

Tela la kambi, lile la kupikia na kulala safarini, likigonga kwa rivasi, macho ya kila mtu yanakwenda kwenye kona ya nyuma iliyobonyea. Mwenye tela anashika kichwa, utingo anajitetea kwamba alisema "simama", na wapita njia wanagawa ushauri. Kumbe mara nyingi kona ile ndiyo yenye shida ndogo kuliko zote.

Tela linasukumwa kupitia sehemu moja tu, yaani kile kichwa kinachokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari. Kona ya nyuma ikizuiwa na jiwe huku gari bado linasukuma, tela haliwezi kurudi tena. Linaanza kuzunguka pale lilipozuiwa, na mkono wake wa mbele unapokea nguvu ya ubavuni. Mkono ule umetengenezwa kuvutwa na kusukumwa ukiwa umenyooka. Nguvu ya pembeni hauiwezi. Ndiyo maana mtu anagonga nyuma kulia, halafu kinachokatika ni waya wa mbele na kinachopinda ni mkono.

Kwa huku Mwanza ajali zenyewe zinafanana. Kuna nyua zenye mawe makubwa, kuanzia Capri Point hadi Nyegezi, ambako jiwe fupi halionekani kwenye kioo cha pembeni. Kuna mageti yenye mwinuko. Na kuna vivuko, ambako unaweza kuambiwa uingie kinyumenyume na foleni nzima inakutazama. Kigongo–Busisi pana daraja tangu Juni 2025, lakini anayevuka Kamanga au anayekwenda Ukerewe bado ana habari zake na kivuko.

Dalili zifuatazo ndizo zinazoletwa gereji mara kwa mara. Chini ya kila moja, sababu inayotokea zaidi inatangulia.

Kabla ya dalili yoyote

Usikimbilie kuvuta mbele. Shuka kwanza, uone kama kuna kilichonasa: bampa ndani ya bodi ya tela, mguu wa kusimamishia kwenye jiwe, ngazi kwenye uzio. Ukivuta kabla ya kunasua, unaongeza hasara kwa mkono wako mwenyewe. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu ya tela pande zote mbili, funga mtungi wa gesi kwenye koki yake. Piga picha tela na gari vikiwa palepale vilipo. Kama kuna mtu ameumia, au umegonga mali ya mtu mwingine, kwanza ni polisi wa usalama barabarani. Majeruhi atahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu.

"Nasikia harufu ya gesi"

Hii naiweka juu japo haitokei kila mara, kwa sababu haisubiri. Matela mengi ya kambi yana mtungi kwenye sanduku la mbele, juu ya mkono. Tela likijikunja, kona ya bampa la gari inaingia palepale.

Anza na regyuleta: imelegea au imekaa upande. Kisha mpira wa gesi, hasa unapopenya kwenye sakafu au ukuta. Tatu ni bomba la shaba lililopinda au kupasuka kwenye kiungo, na mwisho ni koki ya jiko lenyewe. Fungua milango yote na uache upepo upite. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia sakafuni na ndani ya masanduku ya chini hata pale pua yako inaposema imekwisha. Ikishatoka, fungua mtungi kidogo na upake povu la sabuni kwenye viungo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kiberiti hakihusiki hapa, hata kwa "kujaribu kidogo". Na usiwashe friji wala swichi yoyote humo ndani mpaka uwe na uhakika.

Acha na uite fundi wa gesi ikiwa bomba la shaba limekunjika. Usilinyooshe, maana shaba iliyokunjwa ikarudishwa hupasuka baadaye, barabarani. Mtungi uliobonyea au wenye koki iliyopinda unarudishwa kwa muuzaji, haupikii tena.

"Taa za upande mmoja zimekufa" au "taa zinacheza disko"

Lalamiko namba moja baada ya rivasi, na karibu kila mara mtu ameshanunua balbu kabla hajaangalia chochote.

Taa zote zikizimika kwa pamoja, angalia fyuzi ya gari lako kwanza, kisha plagi. Tela likikata kona kali kupita kiasi, waya wa plagi unavutika. Plagi inabaki imechomekwa nusu, au pini zinapinda. Ichomoe, uisafishe kwa brashi ndogo, uichomeke mpaka kifuniko kiikamate. Kama kuna gari jingine lenye soketi ya aina hiyo, chomeka huko. Taa zikiwaka, tela halina kosa, tatizo liko kwenye gari.

Sababu ya pili ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kupitia chasisi. Dalili yake haijifichi: unakanyaga breki, indiketa inawaka kwa mbali, unawasha indiketa, taa zote zinapepesa. Tafuta mahali ambapo waya wa ethi umefungwa kwenye chasisi, fungua bolti, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena na upake grisi juu.

Ya tatu ndiyo inayosumbua watu wiki nzima. Waya mkuu unapita chini ya mkono, umebanwa kwa klipu. Mkono ukipigwa, klipu inaubana waya huo dhidi ya chuma. Ukiutazama kwa nje ganda halijakatika, limelala bapa tu, urefu wa kucha. Lichane kwa wembe: ndani shaba ina unga wa kijani na nyuzi zimebaki chache. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini tela linaloingizwa majini ufukweni Igombe na kurudi halihitaji chumvi ili waya wake uoze. Kata kipande chote chenye kijani, unga waya mpya, na uzibe vizuri. Tepu peke yake haidumu mpaka masika.

Kwa anayetumia testa, plagi ya kawaida ya pini saba za duara ina mpangilio huu: pini 1 indiketa ya kushoto, waya wa njano, pini 2 taa ya ukungu, bluu, pini 3 ethi, nyeupe, pini 4 indiketa ya kulia, kijani, pini 5 taa ndogo ya nyuma kulia, kahawia, pini 6 breki, nyekundu, pini 7 taa ndogo ya nyuma kushoto, nyeusi. Lakini amini namba iliyoandikwa kwenye plagi kuliko rangi ya waya. Tela likishapita mikononi mwa mafundi watatu, rangi hazina maana tena.

Acha pale fyuzi inapokatika mara tu ukiibadilisha. Waya umegusa chuma mahali fulani. Fyuzi kubwa zaidi, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni namna ya kuhamishia moto ndani ya tela. Hapo ni kazi ya fundi umeme wa magari.

"Tela linatembea upande kama kaa"

Dereva aliye nyuma yako ndiye anayeiona kwanza: gari limenyooka, tela limekaa mshazari. Au wewe unahisi usukani unavutwa, na tairi za tela zinalika upande mmoja kabla hujafika Lamadi.

Pima upepo kwanza. Tairi moja ikiwa imepungua, tela linavuta na watu wanaanza kubomoa springi bure. Upepo ukiwa sawa, chukua futi ya kamba na mtu wa kukusaidia. Weka tela mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya kichwa cha kuungia mpaka ncha ya ekseli kushoto, kisha kulia, kwenye alama ileile pande zote mbili. Vipimo vinatakiwa kulingana. Milimita chache zinaweza kuwa mkono wako uliotikisika, kwa hiyo rudia. Tofauti ikifika sentimita moja na haitoki, kuna kitu kimehama.

Kinachohama mara nyingi ni ekseli yenyewe juu ya springi. Yubolti (zile zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) zimelegea, au senta bolti (ile ya katikati ya springi) imekatika, na ekseli imeteleza upande mmoja. Lala chini uangalie: pale ekseli ilipokaa miaka yote pana alama, na sasa pana mstari wa chuma kisicho na vumbi pembeni yake. Hii inatengenezeka kwa gharama ndogo. Senta bolti mpya, yubolti mpya (za zamani zikishavutika hazifai kurudishwa), pima tena, kaza.

Ekseli ikiwa mahali pake, shuku mkono. Funga uzi kutoka katikati ya kichwa mpaka katikati ya chasisi nyuma, utaona kama mkono umekwenda upande. Kisha tazama rangi. Mahali chuma kilipojikunja rangi hupasuka nyufa nyembamba sana zilizopangana, na baada ya mvua moja zinatoa mstari wa kutu. Angalia hasa pale mkono unapoingia chini ya bodi, kwenye kona za kuchomelea. Osha tope kwanza. Tope limeficha nyufa nyingi.

Nadra zaidi ni bushi za springi kuchanika, ekseli kupinda katikati, na chasisi kujipinda yote.

Hapa nina msimamo ambao mafundi wengine hawaupendi. Mkono uliopinda usinyooshwe kwa moto. Chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu, kikagongwa, kikamwagiwa maji, hakirudi kuwa kile cha mwanzo, na mkono ndio unaoshikilia kila kitu. Badilisha kipande kizima. Wachomeleaji wazuri wapo, Igoma na Nyakato kote, lakini mwambie fundi mambo mawili kabla hajawasha mashine. La kwanza, tenganisha betri ya tela na uchomoe plagi kwenye gari, na mtungi wa gesi utolewe kabisa. La pili, kama tela limepakwa zinki, zile za kijivu kinachong'aa, zinki isuguliwe yote pale pa kuchomea na kazi ifanyike nje penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua kubana usiku huohuo.

Ufa wowote kwenye mkono au kwenye sehemu ya kuchomelea maana yake tela halivutwi tena kwenda popote. Linabebwa juu ya lori, au fundi anakuja lilipo.

"Kichwa hakikamati" au "kinagonga nikikanyaga breki"

Uchafu na grisi iliyokauka ndani ya kichwa ndiyo sababu ya kwanza, na ajali imekuja kuidhihirisha tu. Safisha, jaribu. Ya pili ni ukubwa kutolingana: mtu ameazima gari jingine baada ya ajali, na tufe lake si la milimita 50 kama la mwanzo. Ya tatu ni kufuli la kichwa lililopinda. Ya nne, kichwa chenyewe kimepanuka mdomo.

Kuna kipimo rahisi. Ungana, funga kufuli, kisha zungusha gurudumu dogo la mbele, lile linalobeba mkono tela likiwa halijaungwa, kama unayetaka kuinua mkono. Sehemu ya nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kichwa kimekamata. Kichwa kikichomoka, bora kimechomokea hapo uani kuliko mteremko wa Bugando. Gurudumu dogo lenyewe likague pia, kwani wengi wanapiga rivasi likiwa chini.

Kichwa kilichopanuka hakigongwi nyundo kikarudi. Ni kununua kingine, na kukagua tufe na chuma kinacholishikilia kwenye gari, kwa sababu nguvu iliyopinda kimoja imepita kwa mwenzake.

"Gurudumu linapata moto" au "linalia"

Kabla ya kushuku beringi, chungulia madigadi. Ikibonyezwa kidogo tu, inagusa tairi pale tela linapobeba mzigo, na ukilikagua tupu huoni kitu. Ivute kwa mkono, kwisha.

Kisha breki. Matela yenye breki za kujisukuma, ambazo hufanya kazi pale tela linapolisukuma gari, zina mkono unaoingia na kutoka mbele. Ukibonyezwa na ajali ukabaki ndani, breki zinashika muda wote. Dalili nyingine ni tela kugoma kabisa kurudi rivasi hata kwenye tambarare. Jaribu kuuvuta ule mkono utoke, paka grisi, angalia kebo chini. Ukikataa, usiendelee na safari ukitumaini utajiachia wenyewe. Dramu zitachemka na grisi ya beringi itayeyuka.

Beringi zinafuata. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, kaza au badilisha. Lizungushe usikilize: sauti ya kusaga ni beringi iliyoumia. Baada ya matengenezo endesha kama kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama, usogeze kiganja karibu na habu bila kuigusa kwanza. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, rudi.

Tairi lenye uvimbe ubavuni halitembei, hata mpaka kwa fundi pancha wa karibu. Nyuzi za ndani zimekatika.

"Mlango haufungi, hema la juu halifunguki"

Kwanza hakikisha tela limesimama sawa. Nusu ya milango "iliyopinda" inafunga vizuri tela likishanyanyuliwa upande uliolala. Ikishindikana, angalia bawaba. Bado? Pima fremu ya mlango kona kwa kona, mshazari huu na ule. Vipimo vikilingana, ni mlango. Visipolingana, ni bodi imesogea, na hiyo si kazi ya kukata ukingo wa mlango kwa grainda ili uingie. Mpe fundi bodi.

"Maji yanaingia"

Huyu hajitokezi siku ya ajali. Unagonga Agosti, vuli inaanza Oktoba, godoro linanuka.

Kwanza tenganisha maji ya mvua na maji ya tangi. Kama sakafu inalowa hata pasipo mvua, ni tangi au bomba lake lililochomoka kwenye mshtuko. Jaza tangi, washa pampu, sikiliza pampu inayowaka yenyewe wakati bomba zote zimefungwa. Kama ni mvua, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira wa kawaida, akianzia chini kupanda juu polepole. Ukianza juu hutajua maji yalipenya wapi. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Ile inapenyeza maji hata mahali pazima.

Yanapoingilia kwa kawaida: maungio ya kona, kisha riveti zilizovutika, kisha mpira wa mlango, kisha fremu ya dirisha. Kosa la kawaida ni kupaka silikoni juu ya silikoni. Toa yote ya zamani, kausha, safisha kwa spiriti, ndipo uzibe upya.

Bodi ya faiba iliyopasuka ina bahati huku kwetu, kwa sababu wanaotengeneza boti za faiba ukanda wa ziwa wanaijua kazi hii kuliko fundi bodi wa magari. Ufa unasuguliwa upanuke, unawekwa matabaka ya mkeka wa faiba na rezini, hata kama kwa nje ulionekana mstari tu. Ukiwapelekea, waombe wakague na ndani pia.

Gonga ukuta kwa kidole kuzunguka palipoumia. Sauti ikibadilika kuwa ya uwazi, au ukuta ukibonyea, matabaka yameachana au mbao ya ndani imeanza kuoza. Kuziba nje hakusaidii tena, unafungia unyevu ndani. Mpe mtu wa kufungua paneli.

Bima, na siku ya kuchukua tela

Bima ndogo inalipa uliowagonga, hailipi tela lako. Bima kubwa inaweza kulilipa, ila tela lina namba yake ya usajili na linatakiwa liwe kwenye bima kwa namba hiyo. Usidhani limefunikwa na bima ya gari. Toa taarifa kabla fundi hajagusa kitu, na umwonyeshe mkaguzi mkono na ekseli. Akiandika "kona ya nyuma imebonyea" peke yake, ndicho kitakacholipwa.

Ukilifuata tela gereji, usilipe kabla ya kurudia vipimo vitatu: futi ya kamba kutoka kichwani mpaka ekseli, kuinua mkono kwa gurudumu dogo, na taa zote mtu akikanyaga breki. Kisha lizungushe mjini likiwa na mzigo kabla ya kwenda nalo Serengeti, kwa sababu rasta za kule, yale matuta madogo ya barabara ya vumbi, zinalegeza kila kilichokazwa nusu. Magurudumu yakiwa yamefunguliwa, simama baada ya kilomita 50 hivi ukaze nati tena, na yubolti mpya uzikague siku hiyohiyo.